Nyumba Iliyokatazwa Kuhama

2 Septemba

Nguzo ya bendera imekwenda na maji. Mama aliiona ikiondoka, yuko dirishani na kikombe chake cha kahawa, akanipigia simu huku kwangu juu: "Halldis, leo hatuna bendera." Nikashuka mbio. Pale iliposimama tangu siku ya harusi yake pamebaki shimo, na chini ya shimo mto Svartåi unapita umebeba matawi ya miti utadhani haukufanya kitu. Mwaka jana kati ya nyumba ya mama na mto kulikuwa na nguzo ya bendera, kamba za kuanikia nguo, shamba la viazi na kisima. Nimeamua kuandika kila kitakachoondoka msimu huu, maana nimechoka kuambiwa na watu wa ofisini kwamba hatukusema mapema.

Tulisema mapema. Tulisema tangu Machi, kwa maandishi, tena kwa adabu.

3 Septemba

Mvua. Mama anasugua sakafu.

5 Septemba

Nieleze mara moja, nisirudie. Nyumba ya mama ni ya magogo ya msonobari, ina zaidi ya miaka mia tatu, na imeshahama mara mbili. Hapa bondeni kwetu ndivyo nyumba zilivyo. Mto ukikusogelea, nawe unasogea. Unachonga alama kwenye kichwa cha kila gogo ili ujue lipi linalala juu ya lipi, unaifumua nyumba kuanzia paa, unaisubiri theluji, unaipakia kwenye sleji, zile za mbao zinazoburutwa na farasi juu ya theluji, kisha unaipanga upya mahali pakavu. Babu yangu aliitoa ng'ambo ya mto kwa sababu hii hii. Alama zake ziko kwenye pembe zote nne, na ni hizo alama zilizowapendeza watu wa ofisi ya Urithi ya mkoa, wanaotunza majengo ya kale, mpaka wakaiweka nyumba chini ya ulinzi wa sheria. Tangu siku hiyo, nyumba waliyoipendea kuhama kwake ikapigwa marufuku kuhama.

Tumeomba kuipandisha kwenye uwanja wa Haugen, karibu na kwangu. Halmashauri nayo imesema mama, mwenye miaka themanini na sita, hawezi kuachwa pale ukingoni theluji ikishatulia. Kwa hiyo ama nyumba iwe Haugen kabla ya hapo, ama mama awe kwenye nyumba ya wazee. Mama anasema hajawahi kulala nje ya kuta hizo ila alipotuzaa sisi, na hata hapo alilalamikia godoro.

8 Septemba

Amekuja Vigdis, yule afisa wa Urithi. Binti wa miaka thelathini na kitu, buti safi, koti la mvua la rangi ya haradali. Nilimchukia kabla hajafunga mlango wa gari. Tulikaa jikoni kwa mama, sisi na kaka yangu Torgrim, anayeendesha katapila na hana subira hata ya kusubiri kahawa ipoe.

"Bibi Synnøve," Vigdis akaanza, "sheria inailinda nyumba pamoja na mahali ilipo. Kwetu sisi ni kitu kimoja."

"Mahali penyewe panakwenda baharini, binti yangu," mama akasema. "Mtabaki mnalinda upepo?"

"Ah, mama nawe," Torgrim akadakia. "Mahali pakifika baharini, nyumba itapafuata. Si ni kitu kimoja?"

Vigdis akafungua begi lake. Alikuwa na habari njema, akasema. Maombi ya kuhama bado yanashughulikiwa. Lakini ruzuku ya paa, ile tuliyoiomba miaka minne iliyopita na kuisahau, imepita. Serikali itatulipia paa jipya la nyasi zinazoota kwenye udongo, la kienyeji kabisa, na kazi ifanyike vuli hii hii, la sivyo fungu linarudi.

Torgrim akamtazama kama mtu anayetafuta kamera iliyofichwa.

"Yaani mnaivisha kofia mpya nyumba inayozama?"

"Fungu la paa ni la paa," akasema, na nikaona masikio yake yamekuwa mekundu. "Fungu la kuhamisha nyumba halipo, kwa sababu nyumba hazihamishwi."

"Basi tumwage mawe ukingoni. Katapila ninayo, mawe yapo."

"Ukingo si wetu, ni wa ofisi ya mito. Na chini pale kuna kome wa lulu. Nao wanalindwa."

Mama akamkatia kipande cha jibini la kahawia, akamwekea kwenye mkate. "Kula, binti. Hapa kila kitu kinalindwa isipokuwa sisi." Mimi nisingempa hata maji.

14 Septemba

Kondoo wameshuka kutoka mlimani. Wamepungua saba. Mvua.

19 Septemba

Mafundi wa paa wamemaliza. Lazima niseme ukweli, limependeza mpaka nikasimama uani mdomo wazi. Kwanza walipanga magome ya mti wa mbetula kama magamba ya samaki, hayo ndiyo yanayozuia maji. Juu yake mabamba ya udongo na nyasi zake, safu mbili nene, ya chini imelala kifudifudi, ya juu imetazama mbingu. Ofisi ya Urithi ilitaka safu mbili, na safu mbili imepata. Nyumba ina nywele tena.

Kolbein alikuja na kamera na chapati za viazi alizopika mwenyewe. Kolbein ni mwalimu mstaafu na mwenyekiti wa chama cha historia cha bonde letu. Ni yeye aliyewaandikia wakubwa zamani zile mpaka nyumba ikalindwa, na hatujasahau. Kama si yeye, hii ingekuwa banda la trekta. Alitembea kuizunguka nyumba akiigusa pembe kama mtu anayepapasa farasi.

"Halldis, unajua una nini hapa? Unajua?"

"Nina mama ndani," nikasema, akacheka. Ni mtu mwema. Torgrim hakuinua hata macho kulitazama paa. Nikamwambia amezidi kisirani.

27 Septemba

Kamba za nguo, na mlingoti mmoja. Shuka la mama lilikuwa limeanikwa. Anasema lilikuwa la zamani.

3 Oktoba

Torgrim amechonga alama. Nilimkuta asubuhi na patasi yake, ile ya babu, yuko kwenye ngazi kona ya kaskazini, na mama amemshikia ngazi, mama wa miaka themanini na sita, na kilemba chake cha sufu. Za babu zimefifia kwenye magogo ya chini, zimeliwa na unyevu, kwa hiyo Torgrim anachonga zake pembeni kwa mtindo ule ule, mkato mmoja, mikato miwili, msalaba.

"Umepata ruhusa?" nikamuuliza.

"Ya kuchonga? Babu aliomba kwa nani?"

"Torgrim, hii si enzi ya babu."

"Dada, nisikilize. Ruhusa ikija Jumatatu, Jumanne nafumua. Nimeshaongea na watu, bonde zima linakuja msaragambo, tufanye kazi pamoja. Lakini nikianza kuchonga siku hiyo ya Jumatatu, mto haunisubiri."

"Mwache mwenzio afanye kazi," mama akasema bila kunitazama, "au shika ngazi wewe."

Nikashika ngazi. Nilikasirika, kwa sababu kichwa chake ni kigumu na kwa sababu alikuwa amesema kweli. Kolbein alipita barabarani akasimama, akapiga picha nyingi. Nikampungia mkono.

9 Oktoba

Polisi wamefika kwa Torgrim. Anashtakiwa kwa kuharibu jengo linalolindwa na sheria. Picha zote ziko kwenye faili lao, zimepigwa vizuri, hata mkono wangu ninaopunga unaonekana.

Nilimkuta Kolbein dukani, mbele ya friji la maziwa. Sikujali nani anasikia.

"Wewe ndiye."

"Halldis, nililia nilipokuwa nawaandikia polisi ile barua. Naapa. Lakini alichonga ubavuni mwa alama za babu yenu! Alama za babu yenu ni historia."

"Na babu yetu alipochonga, alikuwa anafanya nini? Alikuwa anahama! Torgrim anafanya kile kile, kwa patasi ile ile, mbele ya mto ule ule."

"Ile ilikuwa zamani."

"Kwa hiyo shida ya kaka yangu ni kwamba bado yu hai."

Akavua miwani akaifuta. Halafu akasema kwa upole, ule upole wake wa ualimu, "Siku moja utanishukuru." Nilitaka kumrushia pakiti ya mtindi. Nikaiweka kwenye kikapu nikalipa nikaondoka, ndivyo tulivyolelewa.

Jioni Vigdis akapiga simu. Maombi ya kuhama yamesimamishwa hadi kesi ya alama iishe. Aliyasema hayo haraka haraka, kama anayebandua plasta kwenye kidonda cha mwenzake.

12 Oktoba

Shamba la viazi, nusu. Tumevuna nusu iliyobaki kwenye mvua. Wanaume wengine wote wako msituni wanawinda.

20 Oktoba

Jumamosi, na Vigdis yuko hapa na gari lake mwenyewe, bila lile koti la ofisi. Alikuwa ameendesha kwa muda wa saa tatu. Mama akamwashia kile chuma cha kubania mikate myembamba yenye umbo la ua, akampa na jemu. Alikula minne.

Akatuambia ameandika mara mbili akishauri nyumba ihamishwe, na mkubwa wake amerudisha mara mbili. "Anasema nikiifungulia hii mlango, keshokutwa mabwana wa jijini watafumua bonde zima wapeleke magogo kwenye hoteli za kuteleza thelujini. Na bibi, si uongo. Yalishatokea."

Ni kweli yalitokea. Jirani yetu mwenyewe aliuza ghala la nafaka la babu yake nikiwa msichana, leo ni baa, watu wanalewea pale walipokuwa wanaweka shayiri. Sheria ilikuja baada ya hayo, na wakati ule nilishangilia. Nakiri hapa, kwa kuwa hakuna anayenisikia, kwamba sheria yenyewe si ya kijinga. Kijinga ni kumchukulia mama yangu kama mwenye hoteli.

"Ukiniuliza mimi kama Vigdis," akasema, "ningeihamisha jana."

"Na tukimuuliza afisa?" Torgrim akamuuliza.

"Afisa hayupo leo. Leo ni Jumamosi."

Torgrim alicheka kwa mara ya kwanza tangu polisi waje. Nilimsindikiza Vigdis hadi kwenye gari. Nimemwonea yule binti bure. Ana uso wa mtu asiyelala.

28 Oktoba

Theluji ya kwanza, nzito. Halmashauri imepiga simu kusema chumba cha mama kiko tayari, kina dirisha la kusini. Mama akauliza dirisha linatazama nini. Egesho la magari.

31 Oktoba

Joto limerudi ghafla. Mvua juu ya theluji, na theluji yote inayeyuka kuingia mtoni. Watu wote wa umri wangu wanajua maana yake, hakuna anayeitamka.

6 Novemba

Sasa naweza kuandika.

Jumapili asubuhi kisima kilikuwa hakipo. Kati ya ukuta na maji palibaki nafasi ya kupitisha toroli, tena kwa uangalifu. Torgrim hakuniuliza. Alipiga simu moja, na kabla ya kengele ya kanisa watu walikuwa wanateremka na matrekta, sepetu, mitaimbo, kamba. Wake kwa waume. Hata wale ambao hatusalimiani. Tulimtoa mama, tukamkalisha kwenye gari langu juu barabarani, na blanketi na chupa ya kahawa. Alikubali kwa sharti gari litazame nyumba.

Nikampigia Vigdis.

"Tunaifumua," nikamwambia. "Nataka neno moja tu kutoka kwako."

Nilimsikia anavuta pumzi. "Halldis, sina mamlaka ya kukwambia ndiyo."

"Basi niambie hapana."

Akasema haraka: "Simu yangu inataka kuzima. Nafikiri imeshazima." Akakata. Mungu ambariki.

Magogo, watu wa bondeni kwetu wanaweza kuyafumua kwa siku moja. Alama zilikuwepo, mpya na za kusomeka, Torgrim alikuwa sahihi kwa kila mkato. Lakini nyumba hufumuliwa kutoka juu, na juu kulikuwa na paa. Babu alihama na paa kuukuu lililooza, mama anasema lilitoka kama blanketi. Hili la serikali lilikuwa kazi safi. Safu mbili za udongo, nyasi zimeshashikana mizizi, na mvua ya siku nne imezama humo ndani. Bamba moja lililowekwa na kijana mmoja mwezi wa tisa lilihitaji sasa watu wawili kuliinua. Tukapanga mstari kuanzia paani hadi barabarani, tukapokezana udongo mikononi. Udongo tuliozawadiwa na serikali. Mikono ilikufa ganzi. Hakuna aliyeimba wala kutania, na si kawaida yetu katika msaragambo.

Kolbein alikuja. Sikumwona akifika, niligeuka tu kupokea bamba, nikakuta anayenipa ni yeye, tope hadi kwenye miwani. Nikapokea nikapitisha.

Mchana tulikuwa tumevua upande mmoja wa paa, ule wa barabarani. Upande wa mto ulibaki na udongo wake wote, ndipo nyumba ikaanza kuegemea. Torgrim alikuwa juu. Nilisikia ardhi kabla sijaona kitu, mlio mdogo, kama mtu anayekunja gazeti. Nikapiga kelele jina lake. Aliruka upande wetu akaanguka juu ya lundo la nyasi, na ukingo ukakatika pale aliposimamishia ngazi.

Nyumba haikubomoka. Nilidhani ingebomoka. Ilikaa majini polepole, nzima, mlango umefungwa, mapazia yako dirishani, ikajigeuza mara moja ikatuonyesha upande ambao hatukuufikia, kijani kibichi, halafu ikaondoka. Watu walisimama na masepetu yao. Ilielea vizuri mno. Ilikwenda mpaka darajani, na darajani ikapasuka, na mlio wake ulitufikia baadaye.

Kolbein alikuwa amepiga magoti kwenye matope, analia kwa sauti. Torgrim akamwendea akichechemea. Nilidhani atampiga.

"Piga picha basi," akamwambia.

Nikapanda kwenye gari. Mama alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. "Nilikuwa nimeacha viazi jikoni," akasema.

11 Novemba

Mama ameingia kwenye nyumba ya wazee. Chumba ni safi, wahudumu ni wema, chakula hakina chumvi. Nilimwomba akae kwangu, akakataa. "Kwako nitaliona lile shimo," akasema. "Huku naona magari ya watu."

24 Novemba

Ofisi ya Urithi imetuandikia. Maombi yetu ya kuhamisha nyumba yamefungwa, kwa kuwa hayana tena kinachoombewa. Kesi ya alama haikufutwa. Torgrim ametozwa faini kwa kuharibu kuta ambazo hazipo, na wakili anasema kutokuwepo kwa kuta si utetezi. Mafundi nao wametumiwa cheti cha shukrani kwa paa. Vigdis ameacha kazi, nimeambiwa na aliyepokea simu yake.

Kolbein anapita kwangu na mikate, anaiacha kizingitini. Sijafungua mlango. Naila lakini.

5 Desemba

Leo nilimchukua mama tukaenda chini, maili kadhaa kupita daraja, alikotaka kwenda mwenyewe. Maji yamepungua, na wakulima wa huko wameokota magogo ya nyumba yetu kwenye changarawe, mengi kuliko nilivyotarajia. Tulikuta lori refu, winchi, na vijana wa makumbusho ya jijini wanayafunga kwa kamba pana, kila moja na turubai lake. Bwana mmoja mwenye kofia ya sufu akatujia na mkono mbele. Alikuwa mkubwa wa Vigdis. Nilikuwa sijawahi kumwona. Ana sura ya upole, ni hilo lililonikera zaidi.

Akampa mama pole, pole ya kweli, na akamweleza kwa sauti kubwa kama wazee wanavyoelezwa. Magogo bado yanalindwa na sheria, hakuna atakayeyachoma wala kuyauza. Yanapelekwa jijini, yatakaushwa, na Mungu akipenda pembe moja ya nyumba itasimamishwa ukumbini, ndani, kwenye joto, watoto wa shule wataiona.

"Jijini," mama akasema. "Ni mbali?"

"Saa saba kwa lori, bibi."

"Na ruhusa?"

"Tumeitoa jana. Ilikuwa simu moja tu."

Mama alilitazama lori. Gogo la kizingiti lilikuwa linapanda, linaning'inia kwenye winchi, linachuruzika maji.

"Kumbe inahamishika," akasema.

Yule bwana akacheka kidogo, akidhani ni utani wa kizee. Mama hakucheka. Aliendelea kutazama mpaka kamba ya mwisho ikafungwa, kisha akaniambia baridi imemwingia miguuni. Nikamshika mkono tukarudi kwenye gari.